Mshika Mawili na Hedseti Moja: Kuunganisha Konsoli na Tarakilishi kwa Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanashughulikia swala la kiufundi ambalo hujadiliwa kwa nadra katika Kiswahili: namna ya kutumia hedseti moja kusikiliza konsoli ya michezo ya video na tarakilishi kwa wakati mmoja. Yanaeleza muundo wa hedseti, njia nne za kuunganisha vyombo hivyo, kasoro zinazozuka na usalama wa masikio. Sambamba na maelezo hayo, makala yanachunguza istilahi zinazohitajika ili maelezo yenyewe yaeleweke. Hoja kuu ni kwamba makosa mengi yanayotendwa katika uunganishaji huu hutokana na kutotofautisha vitendo vitatu, yaani kugawa, kuchagua na kuchanganya, na kwamba sarufi ya Kiswahili ina nyenzo za kutosha za kuvitofautisha.

1. Utangulizi

Mshika mawili, moja humponyoka. Methali hii hutumiwa kumwonya mtu anayetaka kutenda mambo mawili kwa mpigo. Hata hivyo, kijana wa leo hushika mawili kila jioni. Katika mabweni ya vyuo vikuu, si ajabu kumkuta mwanafunzi anayecheza kandanda kwenye PlayStation ilhali tarakilishi iliyo kando yake imefunguliwa kwenye mazungumzo ya kikundi au rekodi ya mhadhara. Masikio ni mawili, lakini hedseti ni moja. Akiivaa kwa konsoli, sauti za wenzake humpita. Akiichomoa na kuitia kwenye tarakilishi, mchezo huwa bubu. Hedseti ya pili huenda asiweze kuinunua, na hata akiimudu hana kichwa cha pili cha kuivika.

Tatizo hili lina majibu, na baadhi yake si ghali. Linalokosekana ni maelezo yake kwa Kiswahili. Anayeyatafuta huyapata kwa Kiingereza, tena katika lugha ya mafundi iliyojaa vifupisho. Matokeo yake ni kwamba wengi hujaribu kwa kubahatisha, wakaharibu vifaa ambavyo wazazi wao walivinunua kwa kujinyima.

Upo upande wa pili wa swala hili unaowahusu moja kwa moja wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa. Nchini Tanzania, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004. Licha ya hatua hizo, bado hudaiwa kuwa Kiswahili hakiwezi kueleza teknolojia. Dai la aina hii haliwezi kujibiwa kwa hotuba za kuisifu lugha. Hujibiwa kwa kueleza jambo la kiufundi hadi msomaji aweze kulitenda kwa mikono yake. Makala haya yanafanya jaribio hilo.

2. Hedseti na viungo vyake

Hedseti ni chombo kimoja chenye kazi mbili zinazopingana kimwelekeo. Kwanza, kuna spika ndogo mbili zinazoleta sauti masikioni. Pili, kuna maikrofoni inayochukua sauti kutoka kinywani na kuipeleka kwenye mtambo. Kwa hivyo, ndani ya waya mmoja kuna safari mbili: moja ya kuja na nyingine ya kwenda. Atakayesahau kuwa safari ni mbili atapata usumbufu tangu hatua ya mwanzo, kwani kila safari huhitaji njia yake.

Hedseti nyingi za waya huishia kwenye pini ya kipenyo cha milimita 3.5. Ukiitazama kwa makini, pini hiyo ina pete tatu nyeusi zinazoigawa katika sehemu nne. Ncha hubeba sauti ya sikio la kushoto. Sehemu inayofuata hubeba sauti ya sikio la kulia. Sehemu ya tatu ni njia ya pamoja ya kurudishia umeme. Sehemu ya nne, iliyo karibu na mpira, ni ya maikrofoni. Huu ndio mpangilio unaotumiwa na vidhibiti vya PlayStation 4, PlayStation 5 na Xbox vyenye tundu la milimita 3.5. Baadhi ya simu za zamani zilizibadilisha nafasi mbili za mwisho. Ndiyo maana hedseti ya simu kama hiyo, ikichomekwa penginepo, hutoa sauti iliyofifia kana kwamba inatoka mtungini, na maikrofoni yake ikawa haifanyi kazi.

Tarakilishi nyingi za mezani, kwa upande wake, hazina tundu la pamoja. Huwa na matundu tofauti yenye rangi: kijani ni la kutolea sauti, waridi ni la maikrofoni, na samawati ni la kuingizia sauti kutoka kwa chombo kingine. Hedseti ya pini moja haiwezi kuyatumikia matundu mawili bila waya mfupi wa kati ambao hupokea pini hiyo upande mmoja na kutoa pini mbili upande wa pili, moja ya spika na nyingine ya maikrofoni. Waya huu ni wa bei nafuu, na ndio ufunguo wa baadhi ya njia zitakazoelezwa hapa chini.

Inafaa kuona jinsi kauli ya kutendea inavyosaidia katika maelezo haya. Tundu la kutolea ni mahali ambapo sauti hutokea. Tundu la kuingizia ni mahali ambapo sauti huingilia. Mnyambuliko huo mmoja unaeleza kazi na mwelekeo wa tundu bila kuhitaji istilahi ngeni. Isitoshe, unatuwezesha kutunga kanuni ya kwanza ya usalama kwa sentensi fupi: tundu la kutolea huunganishwa na tundu la kuingizia; kamwe matundu mawili ya kutolea hayaunganishwi.

3. Kugawa, kuchagua na kuchanganya

Ukiukaji wa kanuni hiyo ndio kosa linalotendwa zaidi. Madukani huuzwa waya wenye umbo la herufi Y unaowawezesha watu wawili kusikiliza simu moja. Mwanafunzi huuona na kuwaza hivi: ikiwa waya huu waweza kuitoa sauti moja kwa watu wawili, basi nikiugeuza utazileta sauti mbili kwa mtu mmoja. Anatia mguu mmoja kwenye tarakilishi, mguu wa pili kwenye kidhibiti cha konsoli, na hedseti upande wa tatu.

Wazo hilo lina mantiki ya umbo lakini halina mantiki ya umeme. Kila tundu la kutolea lina kikuza sauti nyuma yake, na kikuza sauti hicho hakina ukinzani mkubwa wa ndani. Vikiunganishwa viwili moja kwa moja, kila kimoja hukiona chenzake kama mzigo. Umeme wa tarakilishi, badala ya kwenda masikioni peke yake, hukimbilia ndani ya konsoli, na wa konsoli hukimbilia ndani ya tarakilishi. Sauti hupungua na kukwaruza, na mojawapo ya vikuza sauti huweza kuungua. Mafundi hulizuia jambo hili kwa kutia rezista katika kila mguu, lakini rezista hizo hudhoofisha sauti kiasi kwamba huwa inafaa kuingizwa kwenye mtambo mwingine wa kuikuza, si kuendesha hedseti moja kwa moja.

Hapa ndipo swala la istilahi linapokuwa swala la fedha. Wauzaji wengi huviita vifaa vyote vya aina hii kwa jina moja la jumla, "waya wa kuunganisha". Jina hilo halimwambii mnunuzi lolote. Kiswahili kina ruwaza hai ya kuunda majina ya ala kwa kiambishi ki-, kitenzi na nomino, kama ilivyo katika kipaza sauti, kinasa sauti na kipimajoto. Kwa kufuata ruwaza hiyo, makala haya yanapendekeza majina matatu.

Kigawa sauti ni kifaa kinachochukua sauti moja na kuipeleka mahali pawili. Kichagua sauti ni kifaa kinachounganishwa na vyanzo viwili lakini hupitisha kimoja tu, kwa zamu, kulingana na mahali swichi ilipoelekezwa. Kichanganya sauti ni kifaa kinachopokea sauti mbili au zaidi kwa pamoja, kuzipima kila moja kwa kirekebishi chake, kuzijumlisha na kutoa sauti moja. Anayehitaji kusikia konsoli na tarakilishi kwa wakati mmoja anahitaji cha tatu. Akinunua cha kwanza ataharibu. Akinunua cha pili atabaki kupokezana.

4. Njia nne za kuunganisha

4.1 Tarakilishi kama kichanganya sauti

Njia hii huhitaji vifaa vichache mno. Katika mabweni mengi, konsoli huunganishwa na skrini au runinga kwa waya wa HDMI, ambao hubeba picha na sauti pamoja. Skrini nyingi zina tundu la kutolea sauti ya hedifoni. Waya wenye pini za milimita 3.5 pande zote mbili hutolewa kwenye tundu hilo na kuingizwa kwenye tundu la samawati la tarakilishi. Kisha katika mipangilio ya sauti ya Windows, chini ya sifa za tundu hilo la kuingizia, huwashwa chaguo linaloiamuru tarakilishi iisikilizishe sauti inayoingia. Kuanzia hapo, tarakilishi huzijumlisha sauti mbili, yake na ya konsoli, na hedseti iliyochomekwa kwenye tarakilishi huzipata zote.

Njia hii ina mipaka miwili. Mosi, tarakilishi nyingi za kupakata hazina tundu la samawati. Huwa na tundu moja la pamoja, na sehemu yake ya kuingizia ni ya maikrofoni. Tundu la maikrofoni limeundwa kupokea umeme mdogo mno. Likipewa sauti ya skrini hulemewa na kutoa mkwaruzo. Dawa yake ni kadi ndogo ya sauti ya USB ambayo ina tundu halisi la kuingizia sauti. Pili, sauti inayopitia kwenye programu huchelewa. Mchezaji anaweza kuuona mpira ukipigwa kabla ya kuusikia. Katika mchezo wa kujenga miji haidhuru, lakini katika mchezo wa kulenga shabaha au wa kufuata mdundo kasoro hiyo huudhi.

4.2 Kichanganya sauti cha mezani

Njia ya pili huondoa ucheleweshaji huo kwa kuwa haipitii kwenye programu. Hutumiwa kichanganya sauti kidogo cha mezani, cha aina ile ile inayotumiwa makanisani na katika studio ndogo. Sauti ya tarakilishi hutoka kwenye tundu la kijani na kuingia katika njia ya kwanza. Sauti ya konsoli hutoka kwenye skrini, au kwenye tundu la kidhibiti, na kuingia katika njia ya pili. Hedseti huchomekwa kwenye tundu la hedifoni la kichanganya sauti. Mchezaji huinua au kushusha kila sauti kwa mkono: mchezo ukimzidi, huushusha, mwenzake akizungumza kwa upole, humpandisha.

Wanaotumia tundu la kidhibiti cha PlayStation 4 wanapaswa kukumbuka kubadili mpangilio wa sauti inayopelekwa kwenye hedifoni, ili iwe sauti yote badala ya ya mazungumzo tu. Wengi wameshuku waya kuwa umekatika ilhali kosa lilikuwa katika mpangilio.

Maikrofoni ndiyo hubakia kuwa fumbo. Maikrofoni ya hedseti huhitaji umeme kidogo kutoka kwa tundu inamochomekwa, na vichanganya sauti vya kawaida havitoi umeme wa kiasi hicho katika njia zake. Suluhisho ni ule waya mfupi uliotajwa katika sehemu ya pili. Hedseti huingia kwenye waya huo. Pini ya spika huenda kwenye kichanganya sauti, na pini ya maikrofoni huenda kwenye tundu la waridi la tarakilishi. Kwa hivyo, masikio huwa na mabwana wawili lakini kinywa huwa na bwana mmoja. Wanaocheza kwenye konsoli hawatamsikia. Walio kwenye tarakilishi watamsikia. Ni lazima mchezaji aamue mapema ni nani anayehitaji kuzungumza naye.

4.3 Hedseti zisizo na waya

Hedseti za kisasa zisizo na waya hutumia njia mbili za redio. Ya kwanza ni kipokezi kidogo cha USB kinachowasiliana na hedseti katika masafa ya gigahezi 2.4, na ucheleweshaji wake ni mdogo. Ya pili ni Bluetooth. Baadhi ya hedseti zina njia zote mbili na huweza kuzichanganya ndani ya hedseti yenyewe. Mwenye hedseti ya aina hiyo huchomeka kipokezi kwenye konsoli, kisha huunganisha tarakilishi kwa Bluetooth, na kusikia vyote viwili.

Hata hivyo, mnunuzi anahitaji tahadhari tatu. Kwanza, konsoli hazikubali kila kipokezi. PlayStation 4 na PlayStation 5 hupokea vifaa vingi vya kawaida vya sauti vya USB, lakini Xbox huhitaji hedseti zilizoundwa kwa mfumo wake yenyewe. Pili, PlayStation 5 na Xbox Series X na S hazipokei hedseti za kawaida za Bluetooth moja kwa moja. Nintendo Switch, iliyotoka mwaka 2017, ilianza kuzipokea mwezi wa Septemba mwaka 2021, tena kwa kusikiliza tu bila maikrofoni. Tatu, Bluetooth ya kawaida hushusha ubora wa sauti hadi kiwango cha simu pindi maikrofoni inapofunguliwa, kwa sababu njia yake haitoshi kubeba sauti bora pande zote mbili.

Lipo pia neno la mauzo linalopotosha. Huandikwa kwenye kijaluba kwamba hedseti huunganishwa na vyombo viwili kwa wakati mmoja. Mara nyingi maana yake ni kwamba hedseti hukumbuka vyombo viwili na kuhama kutoka kimoja hadi kingine. Hicho ni kichagua sauti, si kichanganya sauti. Viambishi vya wakati na hali vya Kiswahili vinaweza kulifichua jambo hili. Kusema hedseti imeunganishwa na vyombo viwili ni kueleza hali iliyokwisha kutimia, na hiyo huweza kuwa kweli hata kama chombo kimoja ni kimya. Kusema vyombo viwili vinasikika ni kueleza tendo linaloendelea. Mnunuzi asiulize tu kama imeunganishwa. Aulize kama vinasikika.

4.4 Kuliondoa tatizo

Njia ya nne ni kujiuliza kama vyombo viwili vinahitajika kweli. Ikiwa mchezaji anafungua tarakilishi ili tu azungumze na wenzake kwenye Discord, programu iliyoanzishwa mwaka 2015, basi anaweza kuyahamishia mazungumzo hayo kwenye konsoli. Huduma hiyo iliingia kwenye Xbox mwaka 2022 na kwenye PlayStation 5 mwaka 2023. Hedseti ikichomekwa kwenye kidhibiti, mchezo na mazungumzo hupatikana pamoja bila waya wa ziada. Kinyume chake pia kinawezekana: tangu mwaka 2016, Sony imetoa programu inayowezesha mchezo wa PlayStation kuonyeshwa na kusikika kwenye tarakilishi kupitia mtandao wa nyumbani. Hata hivyo, njia hii ya mwisho hutegemea mtandao imara, na mtandao wa bwenini huenda usiiruhusu.

Aliyerithi vifaa vya zamani ana jambo jingine la kuangalia. Xbox One na PlayStation 4 ya kwanza zilikuwa na tundu la sauti la nuru, ambalo vichanganya sauti vingi vya wachezaji vililitegemea. PlayStation 4 nyembamba ya mwaka 2016 haikuwa nalo, na konsoli za mwaka 2020, yaani PlayStation 5 na Xbox Series X na S, hazina. Kichanganya sauti cha zamani kinachotegemea tundu hilo huhitaji kifaa cha kati cha kuitoa sauti kwenye HDMI.

5. Mvumo wa umeme

Anayeunganisha konsoli na tarakilishi kwa waya huweza kusikia mvumo wa chini usiokoma. Umeme wa Kenya hubadilika mara 50 kwa sekunde, na mvumo huo ni sauti ya mabadiliko hayo. Husababishwa na vyombo viwili ambavyo kila kimoja kimeunganishwa na ardhi kupitia plagi yake, kisha vikaunganishwa tena kwa waya wa sauti. Njia hizo mbili hufanya kitanzi, na umeme mdogo huzunguka ndani yake. Istilahi "kitanzi cha ardhi" inafaa hapa, kwa kuwa inaonyesha umbo na vilevile madhara.

Hatua ya kwanza ni kuchomeka vyombo vyote viwili katika soketi moja ya upanuzi. Mvumo ukiendelea, hutumiwa kifaa kidogo chenye transfoma kinachotiwa katikati ya waya wa sauti ili kukikata kitanzi bila kuikata sauti. Jambo ambalo halipaswi kufanywa kamwe ni kuung'oa mguu wa ardhi wa plagi. Mguu huo umewekwa ili umeme ukivuja upite ardhini badala ya kupita mwilini mwa mtu. Mvumo ni kero, lakini umeme uliovuja huua.

6. Gharama ya masikio

Majadiliano ya vifaa mara nyingi husahau kifaa ambacho hakina duka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu usikilizaji salama unamwekea mtu mzima kiwango cha desibeli 80 kwa muda wa saa 40 kwa juma. Kila sauti inapoongezeka kwa desibeli 3, nguvu yake huwa maradufu, na muda salama hupungua kwa nusu. Kwa hivyo, desibeli 83 zina saa 20, desibeli 86 zina saa 10, na desibeli 89 zina saa 5 tu kwa juma.

Kanuni hii inawahusu hasa wachanganyao sauti. Sauti mbili tofauti zenye nguvu sawa zikijumlishwa, jumla yake huzidi kila moja kwa desibeli 3. Tuseme mwanafunzi amezoea kusikiliza mchezo kwa desibeli 80. Akiongeza mazungumzo ya tarakilishi kwa kiwango kile kile, masikio yake hupokea takriban desibeli 83 muda wote ambao sauti zote mbili zinatoka. Saa zake 40 zimekuwa 20 bila yeye kugusa kitu kingine. Akicheza saa 4 kila siku, atakuwa ametumia saa 28 kwa juma, na kiwango kitakuwa kimefikiwa siku ya tano ikiisha. Isitoshe, sauti mbili hushindana. Mchezaji hupandisha mazungumzo ili yaushinde mchezo, kisha hupandisha mchezo ili usimezwe na mazungumzo. Hapo ndipo methali iliyotangulia inapopata maana mpya, kwani kinachomponyoka mshika mawili ni usikivu wenyewe, na huo ukishapotea kwa kelele haurudi.

Njia ya busara ni kushusha badala ya kupandisha. Anayetaka kusikia mazungumzo aushushe mchezo. Vichanganya sauti vimewekewa virekebishi viwili kwa ajili hiyo.

7. Mazingatio ya istilahi

Maelezo yaliyotangulia yamedhihirisha mambo matatu. La kwanza ni kwamba baadhi ya istilahi zilizopo hazitoshelezi. Kipaza sauti hutumiwa kwa maikrofoni na pia kwa spika kubwa, yaani kwa chombo cha kupokea sauti na kwa chombo cha kuitoa. Katika mkutano wa hadhara utata huo hauna madhara. Katika uunganishaji wa hedseti, ambapo pini ya moja haifai kwa nyingine, utata huo humpoteza msomaji. Ndiyo sababu makala haya yametumia maikrofoni na spika, maneno ambayo wazungumzaji wameshayakubali.

La pili ni kwamba ukopaji na uundaji si maadui. Hedseti, konsoli, HDMI na rezista yamekopwa kwa kuwa ndiyo yanayotamkwa na wauzaji na mafundi. Kigawa sauti, kichagua sauti na kichanganya sauti yameundwa kwa kuwa ndipo tofauti ya dhana ilipohitaji kuonekana. Kigezo cha uteuzi kiwe uwazi na matumizi, wala si chuki dhidi ya neno la kigeni au mapenzi ya neno jipya.

La tatu ni kwamba sarufi ilisaidia zaidi ya msamiati. Kauli ya kutendea imebainisha mwelekeo wa matundu. Viambishi -me- na -na- vimetenganisha kuunganishwa na kusikika. Ruwaza ya ki- imetoa majina ya ala yanayojieleza. Wataalamu wa istilahi wanapokusanya orodha za maneno, inafaa waandamishe sentensi zinazoonyesha maneno hayo yakifanya kazi.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa hedseti moja inaweza kuitumikia konsoli na tarakilishi kwa wakati mmoja, iwapo sauti zitachanganywa badala ya kuunganishwa kiholela. Mwenye tundu la kuingizia sauti kwenye tarakilishi aanze nalo. Anayeudhiwa na ucheleweshaji atafute kichanganya sauti cha mezani. Anayenunua hedseti mpya ahakikishe kuwa vyombo vyote viwili vinasikika. Na anayehitaji mazungumzo pekee ayahamishie kwenye konsoli. Katika hali zote, maikrofoni ipewe bwana mmoja, mguu wa ardhi usiguswe, na sauti ishushwe.

Kuhusu lugha, jaribio hili limepitia umeme, redio na afya bila kukwamishwa na Kiswahili. Palipokuwa na ugumu, ulitokana na dhana ambazo hazikuwa zimetenganishwa, na zilipotenganishwa majina yalipatikana. Ni wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili kuendelea kuandika maelezo ya aina hii, kwa sababu mwenzao wa bwenini aliye na waya mkononi anahitaji jibu usiku huu.

Maswali ya mjadala

1. Kwa kutumia ruwaza ya ki-, kitenzi na nomino, pendekeza majina ya vifaa vitatu vya sauti ambavyo havijatajwa katika makala haya, kisha ueleze kazi ya kila kimoja.

2. Jadili tofauti ya kimaana kati ya "kwa wakati mmoja", "kwa pamoja" na "kwa zamu" katika maelezo ya kiufundi.

3. Je, neno "kipaza sauti" liendelee kubeba maana mbili? Toa hoja za kuunga mkono na za kupinga.